Kamba, Nywele na Sanduku la Udongo: Manjaniki za Kale Zilipata Wapi Nguvu?

Fundi amesimama kando ya mtambo wa mbao unaomzidi kimo. Kulia kwake kuna bunda la kamba lililosimama wima ndani ya fremu, nene kuliko paja la mtu. Kushoto kuna jingine kama hilo. Analipiga la kulia kwa kiganja, anatega sikio. Analipiga la kushoto. Sauti hazijalingana. Anamwambia kijana wake akaze kidogo upande wa kushoto kwa mtaimbo, kisha anapiga tena na kusikiliza. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mpiga udi anayekaza nyuzi kabla taarabu haijaanza, ila udi huu ukishalingana utarusha jiwe la kilo 26 juu ya ukuta wa mji.

Vitruvius, mhandisi wa Kirumi wa karne ya 1 KK aliyewahi kusimamia mitambo ya namna hiyo jeshini, aliandika kwamba msanifu majengo hana budi kujua muziki. Miongoni mwa sababu alizotoa ni hii: mikono miwili ya mtambo ikisukumwa na kamba zisizolingana, mmoja utamtangulia mwenzake, na kinachorushwa kitakwenda kombo. Kwa hiyo kamba zikazwe mpaka zitoe sauti moja katika sikio la fundi.

Naanza na sikio hilo makusudi. Tukizitaja silaha za kuvunjia maboma, akili hukimbilia ukubwa: gogo refu, jiwe zito, ukuta unaoporomoka. Lakini lililowaumiza vichwa mafundi wa Ugiriki, Roma, Uchina na nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,500 lilikuwa jambo jingine. Nguvu utaihifadhi ndani ya nini isipotee? Na ukishaihifadhi, utaitoaje ili iende kwenye jiwe, isiishie kwenye mtambo wenyewe? Nusu ya pili ya swali ndiyo ngumu, na ndiyo husahauliwa.

Kiswahili kinalo jina la mitambo hii: manjaniki. Wengi walilisikia mara ya kwanza chuoni, katika kisa cha Nabii Ibrahim kutupwa motoni. Moto uliwashwa mkubwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuusogelea, ikabidi arushwe kutoka mbali. Neno tumelipata kwa Waarabu, lakini asili yake ni manganon ya Kigiriki. Lilisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, na kama tutakavyoona, mtambo uliokuja kulibeba ulisafiri kinyume chake.

Turudi kwenye nguvu. Mtambo hauumbi nguvu hata chembe. Yote iliyomo ilitoka kwenye misuli ya watu waliouvuta na kuuzungusha. Kazi ya mtambo ni ya kibubu: unadumbukiza sarafu moja moja kwa muda mrefu, halafu unakivunja mara moja. Chukua jiwe la talanta 1, talanta ile ile ya kwenye Biblia, ambayo kwa kipimo cha Athens ilikuwa karibu kilo 26. Tuseme tunataka litoke kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, ambayo pasipo upepo wa kulizuia ingelifikisha kama mita 200. Jiwe hilo linahitaji nishati ya jouli 26,000 hivi. Mtu mwenye afya anayezungusha winchi bila kukimbizana hutoa kama wati 75. Gawanya, utapata karibu dakika 6 za jasho la mtu mmoja, na hapo hatujahesabu kinachopotea njiani.

Dakika 6 si kitu. Shida ni kwamba jiwe haliwezi kungoja dakika 6 wakati wa kuruka. Likisukumwa katika njia ya mita mbili au tatu, lina takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde tu kupokea zile jouli zote. Ukigawanya tena unapata wati 260,000, yaani kama nguvu farasi 350. Hiyo ni injini ya lori kubwa la mizigo, iliyotengenezwa kwa mbao na kamba, ikafanya kazi kwa kufumba na kufumbua kisha ikanyamaza.

Misuli nayo ina tabia yake: ni imara ikienda polepole, na hupungukiwa kadiri inavyoharakishwa. Chukua punje ya mchele uirushe kwa nguvu zako zote. Bega linauma, punje inaanguka karibu na miguu. Mkono hauwezi kwenda kasi zaidi ya kasi yake, hata kama mzigo ni mwepesi kiasi gani. Mtoto mwenye manati analijua hilo kabla ya kuanza shule: anauvuta mpira wa tyubu taratibu kwa nguvu kamili, na mpira unaporudi unakwenda haraka kuliko mkono wowote. Nguvu ni ile ile, muda ndio umebanwa. (Baruti ilipokuja ilikata mzizi wa hesabu hii yote. Kilo 1 ya baruti ina takriban jouli milioni 3 zilizolala ndani ya shura, salfa na makaa, bila mtu kuzungusha winchi. Hata mzinga unaopoteza sehemu kubwa ya hizo unabaki na nyingi kuliko talanta yetu inavyohitaji.)

Kabla ya baruti watu walijua njia tatu za maana za kuilaza nguvu: kupinda, kusokota na kuinua.

Kupinda ndiyo kongwe, na ndiyo upinde wa kila mwindaji. Mwaka 399 KK Dionysius, mtawala wa kimabavu wa Syracuse huko Sicily, aliwakusanya mafundi kutoka Italia, Ugiriki na hata nchi iliyokuwa chini ya adui zake wa Carthage, akawavuta kwa mishahara minono. Mwanahistoria Diodorus anasema mtambo wa kurusha mishale ulizaliwa katika karakana hizo. Wa mwanzo kabisa, kama Heron wa Alexandria, mwandishi wa Kigiriki wa mambo ya mitambo, alivyoueleza baadaye, ulikuwa upinde mkubwa uliofungwa kwenye gogo lenye mfereji, na ndani ya mfereji kipande cha mbao kinachoteleza. Askari aliisimika ncha chini, akaweka tumbo kwenye kitako kilichopinda, akaegemea kwa uzito wa mwili mzima. Kando kulikuwa na meno ya kuzuia kurudi nyuma, hivyo aliweza kupumzika katikati bila kupoteza alichokwisha kupata. Wagiriki waliuita upinde wa tumbo.

Angalia kilichobadilika. Mpiga upinde wa kawaida anatumia mikono na mgongo, na lazima aushikilie upote huku akilenga na kutetemeka. Huyu wa tumbo anatumia uzito wake wote, anakabidhi ushikiliaji kwa meno ya chuma, kisha analenga akiwa ametulia. Kuweka nguvu na kuitoa vimekuwa kazi mbili tofauti, zenye wakati tofauti. Winchi, magurudumu ya meno na vikundi vya watu vilivyokuja baadaye vyote vinatoka hapo.

Upinde wenyewe haukuwa mti mtupu. Kwa ndani, upande unaomtazama mpigaji, walibandika pembe, ambayo hustahimili kubanwa. Kwa nje walibandika kano za wanyama, ambazo hustahimili kuvutwa. Mti ulikaa katikati na gundi ikaviunganisha. Lakini upinde una ukomo. Ukitaka uhifadhi zaidi ni lazima uuneneshe na kuurefusha, na ukifanya hivyo mikono yake inakuwa mizito. Unapoachia, mikono hiyo nayo inapaswa kuchapuka mbele, na kila jouli inayokwenda kuichapua ni jouli ambayo mshale hauipati. Kufikia ukubwa fulani unakuwa unarusha upinde kuliko unavyorusha mshale.

Hapo ndipo likaja wazo ambalo kwangu ndilo la kijanja kuliko yote katika habari hii. Umewahi kumwona utingo wa lori akikaza kamba ya mzigo? Anaizungusha kamba mara mbili, anapenyeza kijiti katikati, anakizungusha kijiti mpaka kamba inalia. Akikiachia kijiti kabla ya kukifunga, kitamchapa usoni. Kijiti hakikupindika, wala hakina nguvu yoyote. Nguvu imo ndani ya msokoto.

Wagiriki wa karne ya 4 KK waliukata upinde vipande viwili na kila kipande wakakifanya kijiti cha utingo. Walijenga fremu nzito ya mbao iliyoimarishwa kwa chuma, yenye matundu juu na chini. Kamba ndefu ilipitishwa kwenye tundu la juu, ikashuka hadi la chini, ikarudi juu, tena na tena, ikizungushwa kwenye vyuma vilivyolala juu ya pete za bronzi, mpaka tundu likajaa. Katikati ya bunda hilo ndipo mkono wa mbao ulipochomekwa. Mabunda mawili, mikono miwili, na upote mmoja ukiziunganisha ncha zake. Ukiuvuta upote nyuma, mikono inayasokota mabunda. Ukiuachia, mabunda yanajisokotoa.

Uzuri wake ni huu: katika upinde, kinachohifadhi nguvu ndicho hicho hicho kinacholazimika kukimbia. Katika msokoto, kamba yenye nguvu inakaa karibu na mhimili na haiendi mbali. Inageuka tu hapo ilipo. Kinachokimbia ni mkono, nao unaweza kuwa mwembamba kwa kuwa hauhifadhi chochote. Uzito uliokuwa ukila nishati ya mshale umehamishiwa mahali ambapo hauli sana. Alexander alipouzingira mji wa Tyre mwaka 332 KK, mitambo ya kurusha mawe ilikuwa tayari sehemu ya jeshi lake.

Kamba yenyewe haikuwa ya katani wala ya makumbi. Kano ndizo zilizopendwa, kwa sababu zinavutika na kurudi bila kupoteza nyingi, kazi ile ile zinayoifanya kwenye kisigino cha mnyama anayekimbia. Heron anasema kano za mnyama yeyote zinafaa isipokuwa za nguruwe, na bora ni zile zilizofanya kazi zaidi katika uhai wake: za miguu ya ayala, za shingo ya fahali. Baada ya kano zilifuata singa za farasi na nywele za wanawake. Mwaka 149 KK watu wa Carthage walikuwa wamekwisha kuwakabidhi Warumi silaha zao, pamoja na mitambo 2,000, wakidhani wamenunua amani. Walipoambiwa wauhame mji wenyewe wakaamua kupigana, na mafundi wakaanza kutengeneza mitambo upya usiku na mchana. Kamba hazikuwepo. Mwanahistoria Appian anasimulia kwamba wanawake walikata nywele zao zikasokotwa kamba. Watu huisoma habari hii kama kisa cha uzalendo, na ni kweli, lakini ni habari ya ufundi pia: nywele ndefu zilikuwa malighafi ya kijeshi yenye daraja lake.

Kamba haikufungwa ikiwa legelege halafu ikasokotwa. Ilivutwa kwanza kwa winchi, kila mzunguko, hadi unene wake upungue kwa theluthi, ikabanwa, ndipo mzunguko unaofuata ukaanza. Kazi ya siku nyingi. Mtambo uliomaliza kufungwa ulikuwa tayari umejaa mvuto kabla hata ya mtu kugusa upote. Kadiri siku zilivyopita na mapigo yalivyoongezeka, kamba zililegea, na dawa ya haraka ilikuwa kugeuza zile pete za bronzi kwa mtaimbo. Philo wa Byzantium, aliyeandika katika karne ya 3 KK, aliichukia dawa hiyo. Alisema kusokota kupita kiasi kunaiharibu kamba: inakuwa ngumu lakini si hai, na masafa yanapungua badala ya kuongezeka. Mvua nayo ilikuwa adui, maana kano zikinyonya maji zinalegea. Silaha ya kutisha kuliko zote za zama zake ilifunikwa isilowe kama nguo kwenye kamba.

Huyu Philo ndiye aliyetuachia hesabu. Anaeleza kwamba mafundi wa Alexandria, wakilipwa na wafalme waliopenda umaarufu na ufundi, waligundua baada ya majaribio mengi kwamba kila kitu kinategemea kipimo kimoja: kipenyo cha tundu linalopitisha kamba. Ukikijua hicho, urefu wa mikono, unene wa fremu na kimo cha bunda vyote vinafuata kwa uwiano. Kanuni yake ni hii. Chukua uzito wa jiwe kwa mina (mina 60 ni talanta 1), uzidishe kwa 100, utafute kipeuo cha tatu, kisha uongeze sehemu yake ya kumi. Unachopata ni kipenyo cha tundu kwa vidole, kila kidole kikiwa karibu milimita 19.

Jaribu na jiwe la mina 10. Mara 100 ni 1,000. Kipeuo cha tatu ni 10. Ongeza sehemu ya kumi, 11. Tundu la vidole 11, yaani sentimita 21 hivi. Kwa jiwe la talanta 1 utapata vidole 20, karibu sentimita 39, ndilo lile bunda lililoshinda paja la mtu. Na jiwe la mina 80, ambalo ni zito mara 8 kuliko la kwanza, linataka vidole 22: mara 2 tu.

Kwa nini kipeuo cha tatu? Philo hakuwa na neno la nishati, lakini sisi tunaweza kumsomea. Nguvu inayoweza kulala ndani ya kamba inategemea kamba ni kiasi gani kwa jumla, yaani ujazo wake. Ukizidisha vipimo vyote vya mtambo mara 2, ujazo unakuwa mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Nishati mara 8 inatosha kulipa jiwe zito mara 8 kasi ile ile. Kwa hiyo mtambo mdogo na mkubwa, vikijengwa kwa uwiano mmoja, vinarusha kwa kasi inayokaribiana, na tofauti inabaki kwenye uzito wa kinachotua. Kwa majaribio ya mikono watu hawa walifika kwenye kanuni ambayo nadharia yake ilikuja karne nyingi baadaye. Shida ilikuwa kukitafuta kipeuo chenyewe. Wagiriki walikuwa na fumbo maarufu la kuongeza mchemraba uwe na ujazo mara 2, ambalo rula na bikari haviwezi kulitatua. Eratosthenes, yule aliyepima mzingo wa dunia, alibuni kifaa cha kulitatua kwa kuteleza mbao, na alipomwandikia mfalme Ptolemy hakusahau kutaja kwamba kingewafaa wajenzi wa mitambo ya kurusha mawe.

Mabaki yanakubaliana na vitabu. Mwaka 1912 fremu ya mtambo kama huo ilifukuliwa Ampurias, pwani ya Hispania, ikiwa na pete zake za bronzi, na mwaka 1972 nyingine ilipatikana Hatra, Iraki. Mbao zilikwisha kuoza, kamba hakuna, lakini pete ikibaki inatosha: pima tundu, na kanuni ya Philo itakuambia mtambo ulikuwa wa ukubwa gani.

Kulikuwa na waliotaka kuachana na kano kabisa. Ctesibius wa Alexandria alijaribu springi za bronzi iliyogongwa ikakomaa, na Philo akitetea kwamba chuma kinaweza kunyumbuka anataja panga za Waselti na Wahispania: mtu huweka upanga juu ya kichwa, anavuta ncha zote mbili hadi ziguse mabega, akiachia unarudi ukiwa umenyooka. Ctesibius alijaribu hata hewa iliyobanwa ndani ya mitungi ya bronzi. Mawazo mazuri, yakashindwa na gharama. Kano zilipatikana popote palipochinjwa ng'ombe.

Sasa ile nusu ngumu, kutoa. Mitambo ya mikono miwili ilikuwa na kifyatuo chenye kucha za chuma zilizoukamata upote. Ukivuta kabari chini yake, kucha zinainuka na upote unaponyoka papo hapo. Kuanzia hapo jiwe linasukumwa njia nzima ya mfereji. Lakini mikono nayo iko mwendoni, na jiwe likishaondoka mikono haina tena wa kumpa ilichobaki nacho. Inaishia kujigonga kwenye fremu. Ndiyo maana fremu zilivikwa chuma: silaha ilijengwa iweze kustahimili teke lake yenyewe.

Teke ndilo neno. Katika karne ya 4 BK Ammianus Marcellinus, askari aliyeandika historia, anaueleza mtambo ambao watu wa wakati wake waliuita punda mwitu, kwa kuwa punda mwitu akiwindwa huwarushia wawindaji mawe kwa kwato za nyuma. Una bunda moja tu, lililolala, na mkono mmoja unaosimama, wenye kombeo kwenye ncha. Vijana 4 kila upande wanazungusha winchi hadi mkono ulale karibu na ardhi. Fundi mkuu, akiwa amesimama juu, anapiga pini kwa nyundo kubwa. Mkono unachomoka na kujibamiza kwenye mto wa singa za mbuzi uliojazwa makapi, uliofungwa mbele yake.

Huo mto wa makapi ndio ungamo la mtambo mzima. Nishati yote ambayo mkono haukuipa jiwe inaishia pale, kwa kishindo. Ammianus anaonya kwamba mtambo huu usiwekwe juu ya ukuta wa mawe. Uwekwe juu ya vigae vya nyasi na udongo au matofali, maana ukuta utalegea, si kwa uzito wa mtambo, ila kwa mtikisiko. Na kosa dogo wakati wa kuachia lilitosha kuleta msiba. Mwaka 363, katika vita vya mfalme Julian dhidi ya Waajemi, jiwe lilikaa vibaya katika kombeo likarushwa kinyumenyume. Likampiga fundi aliyekuwa amesimama nyuma, na mwili wake haukuweza kutambulika.

Kwa nini basi Warumi walikubali mtambo mbovu namna hii? Nadhani jibu lipo kwenye sikio la yule fundi wa mwanzo. Bunda likiwa moja, hakuna la kulinganisha nalo. Humhitaji mtu mwenye sikio la muziki, wala kanuni ya Philo kwa ukali wake. Unapoteza nishati nyingi, unaokoa ujuzi, na jeshi linalopigana mipaka yote huishiwa ujuzi kabla ya kuishiwa mbao.

Njia ya tatu ilitoka Uchina. Hapo mwanzo haikuhifadhi chochote. Ni wenzo: mti mrefu juu ya egemeo, upande mfupi una kamba nyingi, upande mrefu una kombeo na jiwe. Watu kadhaa, wakati mwingine makumi, wanavuta kamba kwa pamoja na jiwe linaruka. Kibubu hakuna, nguvu inatoka kwenye misuli moja kwa moja, ikizidishwa kasi na wenzo. Faida yake ni mapigo mengi kwa muda mfupi, bila kano wala winchi. Mwishoni mwa karne ya 6 Waavari na Waslavi waliitumia dhidi ya Thessaloniki. Wasimulizi wa sira wanataja manjaniki katika mzingiro wa Taif mwaka 630. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: kundi halivuti sawasawa mara mbili mfululizo, na jiwe la pili halitui palipotua la kwanza.

Katika karne ya 12, katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, watu wa kamba wakaondolewa na mahali pao pakawekwa uzani. Sanduku la udongo, mawe au risasi linaning'inia kwenye upande mfupi. Unalipandisha polepole kwa winchi, unalifunga, unapumzika. Villard de Honnecourt, Mfaransa wa karne ya 13, alichora msingi wa mtambo mmoja na kuandika ukubwa wa sanduku lake: ukizidisha vipimo unapata futi za ujazo karibu 1,300 za udongo. Sina haja ya kubwa hivyo. Tani 10 zikipandishwa mita 3 zinahifadhi jouli 294,000, zaidi ya mara 11 ya nishati ya jiwe letu la talanta. Watu 10 kwenye winchi wataziweka kwa muda usiofika dakika 7.

Na uvutano wa dunia haulowi mvua. Hauchoki, haulegei, hautaki kukazwa wala kusikilizwa. Uzani ule ule kutoka kimo kile kile unatoa nguvu ile ile asubuhi na jioni, na mawe yaliyochongwa sawa yatapiga sehemu ile ile ya ukuta mpaka ukuta useme basi.

Lakini ustadi mkubwa zaidi uko kwenye kombeo. Uzani unapoanza kushuka, mkono unainuka na kulikokota jiwe ndani ya mfereji chini ya mtambo. Jiwe linaacha ardhi, kombeo linaanza kuzunguka, na linapofunguka linauvuta mkono nyuma. Mkono unapungua kasi. Sanduku, lililokuwa likishuka kwa kishindo, nalo linapungua, na katika mtambo uliopimwa vizuri linakaribia kusimama wakati ule ule jiwe linapokuwa na kasi kubwa kabisa. Nishati imehama kutoka kizito kwenda chepesi, kama mjeledi unavyouhamisha mwendo wa mkono wa mtu hadi kwenye ncha inayolia. Hakuna mto wa makapi hapa. Mtambo unabaki ukibembea polepole, kama pembea iliyoachwa na mtoto.

Wakati wa kuachia hauamuliwi na nyundo ya mtu. Ncha moja ya kombeo imefungwa. Nyingine ni kitanzi kilichovishwa kwenye ndoana ya chuma mwishoni mwa mkono, na kombeo likifika pembe fulani kitanzi kinateleza chenyewe. Ndoana ikinyooka mno kinatoka mapema na jiwe linapaa juu; ikipinda mno kinachelewa na jiwe linajichimbia mbele ya waliolirusha. Fundi anaigonga ndoana kidogo, anajaribu tena.

Mitambo hii ilisafiri. Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia, aliposhindwa kwa miaka kuuteka mji wa Xiangyang huko Uchina, aliletewa mafundi Waislamu kutoka magharibi, Ismail na Ala al-Din, na mwaka 1273 mji ukasalimu amri. Wachina, ambao mababu zao walibuni wenzo wa kamba, waliupokea mtambo wa uzani kama kitu cha kigeni. Mwaka 1291, Wamamluki, watawala wa Misri na Shamu, walipokwenda kuuzingira mji wa Akka uliokuwa mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba, manjaniki moja iliyoitwa al-Mansuri iligawanywa vipande ikapakiwa kwenye mikokoteni 100. Abu al-Fida, ambaye baadaye alikuwa mtawala wa Hama na mwanajiografia mashuhuri, alikuwa kijana aliyekabidhiwa mkokoteni mmoja. Anakumbuka mvua, theluji na ng'ombe waliokufa njiani. Safari ambayo mpanda farasi huimaliza kwa siku 8 iliwachukua mwezi mzima.

Ukubwa huo ulikuwa na mantiki yake hata pale usipohitajika tena. Mwaka 1304 Edward wa 1 wa Uingereza aliizingira ngome ya Stirling, Scotland, na kuwaagiza maseremala zaidi ya 50 wamjengee mtambo ulioitwa Mbwamwitu wa Vita. Waliokuwa ndani ya ngome waliuona ukiinuka wiki baada ya wiki, na kabla haujarusha jiwe hata moja wakatoka kusalimu amri. Mfalme akawakatalia. Mtambo ulikuwa umekamilika na gharama zimekwisha kulipwa, kwa hiyo akaamuru wabaki ndani mpaka aujaribu.